Rais na Mpira wa Kwanza: Historia Fupi ya Desturi Iliyozaliwa Washington 1910

Alasiri ya tarehe 14 Aprili 1910, kwenye uwanja wa besiboli wa timu ya Washington Senators, mwamuzi Billy Evans alisogea hadi kwenye viti vya mbele walipoketi wakubwa wa serikali, akamkabidhi Rais William Howard Taft mpira mpya. Taft alikuwa pande la mtu, uzito wake ukipita kilo 140. Alisimama hapohapo mbele ya kiti chake, watu zaidi ya 12,000 wakimtazama, akaurusha mpira kuelekea uwanjani. Aliyeudaka alikuwa Walter Johnson, kijana wa miaka 22, mrushaji wa Washington siku hiyo. Kisha mchezo ukaanza.

Johnson alirusha kama mtu aliyepewa baraka. Wapigaji wa Philadelphia Athletics walihangaika duru zote tisa, wakaambulia pigo moja tu la maana, na Washington ikashinda 3-0. Kesho yake Johnson aliupeleka mpira ule Ikulu, na Taft akautia saini pamoja na maneno ya kumtakia aendelee kuwa tishio kama alivyokuwa jana yake.

Ndivyo ilivyozaliwa taasisi isiyo na ofisi, katiba wala bajeti: rais wa Marekani kurusha mpira wa kwanza siku ya kufungua msimu wa besiboli. Kuanzia Taft hadi Barack Obama walipita marais 18, na ni Jimmy Carter peke yake aliyemaliza muda wake bila kurusha mpira wa siku ya ufunguzi. Wamarekani hupenda kuzungumzia mkono wa rais: nani alirusha vizuri, nani mpira wake uliangukia pembeni. Mimi naona uzito wa desturi hii uko kwenye majukwaa. Kwa dakika chache mwenye dola anasimama wazi mbele ya watu waliolipa kiingilio chao, wasiomwogopa, na wenye uhuru wote wa kumshangilia au kumzomea. Hakuna hotuba inayoweza kumwokoa, kwa sababu hapewi nafasi ya kuhutubia.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuutazama mchezo wenyewe, inatosha kujua kwamba kila kitu huanzia kwa mrushaji. Yeye husimama juu ya kilima kidogo katikati ya uwanja, anaurusha mpira mgumu kwa nguvu na hila kumpita mpigaji mwenye gongo, na nyuma ya mpigaji amechuchumaa mdakaji mwenye glavu. Mrushaji asiporusha, hakuna mchezo. Kumpa rais mpira wa kwanza, basi, ni kumpa heshima ya kuufungua mchezo, na ni kumweka pia mahali ambapo kila mtu anaweza kumpima.

Besiboli na Ikulu walikuwa wameshajuana kabla ya Taft. Andrew Johnson, aliyeshika urais baada ya kuuawa kwa Abraham Lincoln mwaka 1865, alihudhuria mechi za timu za miji. Ulysses Grant aliwakaribisha Ikulu wachezaji wa Cincinnati Red Stockings mwaka 1869, timu ya kwanza iliyotangaza wazi kwamba wachezaji wake wote wanalipwa mshahara. Tarehe 6 Juni 1892 Benjamin Harrison akawa rais wa kwanza aliye madarakani kutazama mechi ya ligi kuu, akashuhudia Cincinnati ikiifunga Washington 7-4 katika duru 11. Theodore Roosevelt, ambaye alipenda ndondi, uwindaji na kila jambo la kutoa jasho, hakuvutiwa na besiboli hata alipopewa mwaka 1907 kadi ya dhahabu ya kuingia viwanjani bure. Lakini hayo yote yalikuwa mambo ya mtu mmoja mmoja. Aliyeondoka hakumwachia aliyefuata wajibu wowote.

Tukio la Taft liligeuka kuwa wajibu kwa sababu ya mtu mwingine kabisa, Clark Griffith. Griffith alizaliwa Missouri mwaka 1869, akawa mrushaji hodari aliyeshinda mechi zaidi ya 200, mjanja kiasi cha kupewa jina la utani la Mbweha Mzee. Mwaka 1912 alikuja Washington kuiongoza timu, na ili apate hisa katika klabu aliweka rehani shamba lake la mifugo kule Montana. Alikuta timu iliyozoea kushika mkia, katika jiji lisilo na viwanda vikubwa wala matajiri wa kumwaga fedha. Kitu pekee ambacho Washington ilikuwa nacho na miji mingine haikuwa nacho ni serikali. Griffith akaishika serikali hiyo kwa mikono miwili. Ikawa kawaida yake, kabla ya msimu kuanza, kwenda Ikulu mwenyewe na kumkabidhi rais kadi yake ya kuingilia uwanjani. Picha za Griffith akiwa amesimama pembeni mwa meza ya rais, kofia mkononi, zipo za utawala hadi utawala. Marais walikuja na kuondoka, yeye akabaki. Kufikia 1920 alikuwa ndiye mkuu wa klabu, na uwanja ukaitwa kwa jina lake, Griffith Stadium.

Alikuwa mfanyabiashara, na siku ambayo rais anakuja ndiyo siku ambayo viti vinajaa. Sioni haya kulisema hilo katika maandishi ya kuiadhimisha desturi hii. Desturi nyingi tunazoziheshimu zilianza na mtu aliyekuwa akitafuta riziki, na Griffith aliitafuta riziki yake kwa kuwaleta pamoja rais na karani wa serikali, seneta na dereva wa teksi, wote wakitazama mchezo mmoja.

Mwaka huohuo wa 1912 Taft hakutokea siku ya ufunguzi. Siku chache kabla, meli ya Titanic ilikuwa imezama na kumchukua Archibald Butt, msaidizi wake wa kijeshi na rafiki yake wa karibu. Makamu wake, James Sherman, alirusha mpira badala yake, na hapo ukapatikana utaratibu ambao uliiokoa desturi mara nyingi baadaye: rais akishindwa, makamu wa rais anashika mpira. Woodrow Wilson alikwenda mbali zaidi ya jiji lake. Tarehe 9 Oktoba 1915 alikuwa rais wa kwanza kuhudhuria fainali za World Series, huko Philadelphia, akiwa na mchumba wake Edith Galt, na alisisitiza kulipia tiketi zake. Warren Harding alikuwa shabiki wa kweli, aliyewahi kuwa na hisa katika timu ya mji wake wa Marion, Ohio.

Calvin Coolidge hakuwa na mapenzi makubwa na mchezo. Mwenye mapenzi alikuwa mkewe, Grace, ambaye alijua kuandika kumbukumbu ya mechi pigo kwa pigo. Bahati ilimtupia Coolidge msimu mtamu kuliko yote ambayo Washington iliwahi kuiona. Mwaka 1924 Senators, timu ya mkiani, ilifika fainali dhidi ya New York Giants, na tarehe 10 Oktoba mechi ya saba, ya kuamua bingwa, ikachezwa Griffith Stadium, Coolidge na mkewe wakiwa vitini.

Mchezo ulipofika sare ya 3-3, katika duru ya tisa, kocha alimwita mrushaji wa akiba. Akatoka Walter Johnson, yuleyule aliyeudaka mpira wa Taft, sasa ana miaka 36 na tayari amepoteza mechi mbili katika fainali hizohizo. Uwanja mzima ulijua kwamba huyu mtu ameitumikia timu dhaifu tangu 1907 na hajawahi kushika kombe. Johnson aliwazuia Giants duru nne mfululizo. Katika duru ya 12, Earl McNeely wa Washington aliupiga mpira wa kawaida uliotambaa chini kuelekea kwa mlinzi wa besi ya tatu, Freddie Lindstrom, kijana wa miaka 18. Mpira ukagonga kitu ardhini, wengi husema kokoto, ukaruka juu ya kichwa cha Lindstrom. Muddy Ruel, ambaye hakusifika kwa mbio, alikimbia kutoka besi ya pili hadi nyumbani, akaleta alama ya ushindi. 4-3. Mashabiki walifurika uwanjani, na rais wa nchi, maarufu kwa ukimya wake, alikuwa mmoja tu kati ya maelfu walioshuhudia. Jiji halikupata ubingwa mwingine wa ligi kuu hadi 2019.

Wiki chache baada ya fainali hizo Coolidge alishinda uchaguzi. Sidai kwamba besiboli ilimpa kura, ila wanasiasa waliokuwa wakitazama hawakukosa kuona jinsi sura ya rais ilivyopendeza katikati ya furaha ya wananchi.

Upande wa pili wa kisu alikutana nao Herbert Hoover. Oktoba 1931, uchumi ukiwa umeanguka na mamilioni wakiwa hawana kazi, Hoover alikwenda Philadelphia kutazama mechi ya World Series. Sheria ya kupiga marufuku pombe ilikuwa bado inatumika. Badala ya makofi alipokewa kwa kuzomewa, na majukwaa yakaanza kuimba kwa sauti moja yakidai bia. Hoover aliipenda besiboli kwa dhati, pengine kuliko wengi waliomtangulia, na hakuwa amekwenda pale kutafuta kura. Lakini wananchi hawakuwa na mahali pengine pa kumfikia. Mlango wa Ikulu una walinzi, na sanduku la kura lilikuwa bado mwaka mzima mbele. Uwanja ulikuwepo siku hiyo, wakautumia.

Franklin Roosevelt ndiye aliyerusha mara nyingi kuliko marais wote: siku za ufunguzi nane kati ya 1933 na 1941. Na kwake yeye kila mara ilikuwa kazi kubwa. Polio ilikuwa imempooza miguu tangu 1921. Ili asimame kwenye kiti cha mbele ilibidi afunge vyuma miguuni, ashike mkono wa msaidizi au ukingo kwa mkono mmoja, na kurusha kwa mwingine, huku akitabasamu kana kwamba hakuna kinachomsumbua. Siku zile rais hakuwa akiingia uwanjani. Alirusha kutoka kitini pake, na wachezaji wa timu zote mbili walijikusanya mbele yake kama watoto wanaogombea pipi, kila mmoja akitaka kuudaka. Aliyefanikiwa aliutunza na kuutafutia saini. Mwaka 1940 mpira wa Roosevelt ulikwenda upande usiotarajiwa, ukaivunja kamera ya mpiga picha wa gazeti la Washington Post.

Lakini mchango wake mkubwa aliutoa kwa kalamu. Japani ilishambulia Pearl Harbor tarehe 7 Desemba 1941, na viongozi wa ligi wakajiuliza kama ni halali vijana wenye nguvu kucheza mpira wakati wenzao wanakufa. Msimamizi mkuu wa besiboli, jaji Kenesaw Mountain Landis, hakupatana na Roosevelt kisiasa. Hata hivyo alimwandikia kuomba mwongozo. Griffith, ambaye milango ya Ikulu ilikuwa imemzoea, alishafanya kazi yake ya kuzungumza chinichini. Majibu ya Roosevelt yalitoka tarehe 15 Januari 1942. Alieleza kwamba uamuzi wa mwisho ni wa wenye ligi, lakini maoni yake binafsi ni kuwa mchezo uendelee: watu watafanya kazi saa nyingi zaidi na kwa ugumu zaidi, hivyo watahitaji burudani ya kuwapumzisha kuliko wakati wowote. Akaongeza kwamba wachezaji wenye umri wa kwenda jeshini waende bila kusita, na akaomba mechi za usiku ziongezwe ili wafanyakazi wa zamu ya mchana wapate kutazama. Wachezaji zaidi ya 500 wa ligi kuu waliitikia jeshi kwa miaka ya vita. Ligi haikusimama hata msimu mmoja.

Roosevelt mwenyewe hakurusha tena baada ya 1941. Aliyeirudisha desturi ni Harry Truman, tarehe 8 Septemba 1945, siku chache baada ya Japani kutia saini hati ya kusalimu amri. Truman alitumia mkono wa kushoto, na mwaka 1950 aliwafurahisha watu kwa kurusha mipira miwili, mmoja kwa kila mkono. Mwaka uliofuata furaha hiyo haikuwepo. Tarehe 11 Aprili 1951 alimwachisha kazi Jenerali Douglas MacArthur, kamanda wa vita vya Korea aliyekuwa kipenzi cha umma na ambaye alipinga hadharani sera za serikali. Siku tisa baadaye, tarehe 20 Aprili, msimu ulifunguliwa Washington. Truman angeweza kumtuma makamu wake, kwa kuwa utaratibu ulikuwepo tangu siku za Sherman. Alikwenda mwenyewe. Akazomewa na uwanja. Akarusha mpira, akakaa, akatazama mchezo.

Hapa ndipo ninapoona maana nzima ya taasisi hii. Truman alikuwa amiri jeshi mkuu wa nchi yenye bomu la atomu. Alikuwa amemwondoa jenerali maarufu kuliko wote ili kulinda kanuni kwamba jeshi liko chini ya raia. Na raia walewale ambao kanuni hiyo inawalinda walimzomea usoni, kisha wakarudi nyumbani kwao salama, hakuna aliyewauliza jina. Katika nchi nyingi za wakati ule, na wakati huu, mtu angefungwa kwa hilo.

Haitakuwa haki kuimba sifa za Griffith Stadium bila kutaja aibu yake. Uwanja ulikuwa katikati ya mtaa wa watu weusi, karibu na Chuo Kikuu cha Howard. Timu mashuhuri ya watu weusi, Homestead Grays, yenye magwiji kama Josh Gibson na Buck Leonard, ilikodi uwanja huo na kumwingizia Griffith fedha nzuri. Lakini Senators wenyewe hawakumchezesha mchezaji mweusi hata mmoja hadi Septemba 1954, alipoingia Mkuba Carlos Paula, miaka saba baada ya Jackie Robinson kufungua njia Brooklyn. Kwa zaidi ya miongo minne, basi, marais walifungua msimu wa timu iliyowafungia nje vijana wa mtaa uliouzunguka uwanja. Griffith alifariki Oktoba 1955. Mrithi wake, Calvin Griffith, aliihamishia timu Minnesota baada ya msimu wa 1960, na mwaka 1978, akihutubia klabu ya Lions katika mji wa Waseca, alikiri kwamba kilichomvutia kule ni uchache wa watu weusi. Uwanja wenyewe ulibomolewa 1965. Leo pale pamesimama hospitali ya Chuo Kikuu cha Howard.

Ligi iliipa Washington timu nyingine ya jina lilelile papo hapo, na John Kennedy akaifungulia msimu tarehe 10 Aprili 1961. Mwaka uliofuata alifungua uwanja mpya, ambao baadaye ulipewa jina la ndugu yake Robert. Lyndon Johnson alikuja kwa kuwa ilimpasa. Mwaka 1968 hakuja: Martin Luther King alikuwa ameuawa tarehe 4 Aprili, moto ulikuwa umeteketeza mitaa ya jiji, askari walikuwa bado barabarani, na Makamu wa Rais Hubert Humphrey ndiye aliyerusha mpira. Richard Nixon aliijua besiboli kama mtu anavyojua nyimbo za utotoni mwake, lakini hata urais wake haukuizuia timu kuondoka tena. Mmiliki, Bob Short, aliipeleka Texas.

Mechi ya mwisho ilichezwa usiku wa tarehe 30 Septemba 1971 dhidi ya New York Yankees, mbele ya watu kama 14,000 wenye hasira na majonzi. Washington iliongoza 7-5 katika duru ya tisa, ikibakiza mpigaji mmoja tu wa kumtoa. Mrushaji alikuwa Joe Grzenda. Kabla hajarusha, mashabiki waliruka uzio wakamiminika uwanjani, wakang'oa nyasi, wakang'oa besi, kila mmoja akitaka kipande cha kukumbukia. Mchezo haukuweza kuendelea, na waamuzi wakawapa Yankees ushindi wa 9-0. Grzenda alikimbilia ndani akiwa na mpira uleule mkononi. Akaenda nao nyumbani, akauweka.

Misimu 33 ilipita bila besiboli ya ligi kuu Washington, na desturi ikawa mkimbizi. Nixon alirusha Anaheim, California, mwaka 1973. Gerald Ford alirusha Texas. Ronald Reagan alikwenda Baltimore, mwendo wa saa moja kutoka Ikulu; huyu ujanani alikuwa mtangazaji wa redio huko Iowa, akisimulia mechi za Chicago Cubs asizoziona, kwa kusoma ujumbe wa telegramu na kujazia mengine kwa ubunifu. George Bush mkubwa alikuwa nahodha wa timu ya Chuo Kikuu cha Yale, na alipokuwa rais alihifadhi glavu yake ya zamani kwenye droo ya meza ya ofisini. Yeye alitambua kwamba majukwaa ya besiboli yanafaa hata kwa diplomasia: Aprili 1989 alikwenda Baltimore na Rais Hosni Mubarak wa Misri, na Mei 1991 akamchukua Malkia Elizabeth wa Uingereza. Mwaka 1990 alirusha Toronto, Kanada, mara ya kwanza kwa rais wa Marekani kufungua msimu nje ya nchi yake. Bill Clinton anakumbukwa kwa kushuka kutoka vitini: mwaka 1993, Baltimore, alipanda kilima cha mrushaji na kuufikisha mpira kwa mdakaji. Tangu hapo rais anayerusha kutoka kitini anaonekana mwoga, na kwa maoni yangu badiliko hilo liliiongezea desturi heshima, kwa kuwa sasa rais hana ukingo wa kushikilia wala wasaidizi wa kumzunguka.

Kilima hicho hakikuwahi kuwa kipweke kama usiku wa tarehe 30 Oktoba 2001. Wiki saba zilikuwa zimepita tangu minara ya New York iangushwe, vifusi bado vinafuka moshi. George W. Bush alikwenda Yankee Stadium kurusha mpira wa mechi ya tatu ya World Series, amevaa fulana ya kuzuia risasi ndani ya koti. Alipokuwa akijinyoosha mkono chini ya majukwaa, alishauriwa na mchezaji wa Yankees Derek Jeter apande kilimani badala ya kusogea karibu, na Jeter akamwonya kwamba mpira ukidunda chini watu watamzomea. Bush akapanda, akainua kidole gumba kuwasalimu watu, akaurusha, ukafika sawasawa kwenye glavu ya mdakaji Todd Greene. Waliompinga kwa sera zake, na kuna mengi ya kumpinga hasa kwa vita vilivyofuata, wengi wao hukubali kwamba usiku ule alifanya jambo ambalo taifa lake lililihitaji.

Huyohuyo Bush, aliyewahi kuwa miongoni mwa wamiliki wa Texas Rangers, yaani timu ileile iliyoondoka Washington 1971, ndiye aliyefungua ukurasa mpya. Tarehe 14 Aprili 2005, miaka 95 kamili tangu siku ya Taft, timu mpya ya Washington Nationals, iliyohamia kutoka Montreal, ilicheza mechi yake ya kwanza nyumbani mbele ya watu zaidi ya 45,000. Joe Grzenda alikuwepo, mzee sasa, na katika mkono wake kulikuwa na mpira ambao hakuurusha mwaka 1971. Alimkabidhi rais. Bush akaurusha. Miongo mitatu ya kungoja ilimalizwa na mpira uliokuwa umetunzwa muda wote huo na mtu mmoja, bila kuagizwa na mtu.

Mapenzi ya Bush kwa mchezo huu yalimfuata hadi Afrika. Februari 2008, katika ziara iliyomfikisha Dar es Salaam, Arusha na Kigali, alipita pia Accra, Ghana, ambako alitazama watoto wa shule wakicheza besiboli ya wanaoanza, ile ambayo mpira huwekwa juu ya kigingi badala ya kurushwa.

Barack Obama, ambaye baba yake alitoka Kogelo kule Siaya, aliadhimisha karne moja ya desturi tarehe 5 Aprili 2010. Alivaa koti la Nationals, lakini alipofika kilimani alitoa kofia ya Chicago White Sox, timu ya moyoni mwake, akaivaa mbele ya mashabiki wa Washington. Walimzomea na kucheka. Mpira wake, wa mkono wa kushoto, ulikwenda juu na kando. Mwezi Machi 2016 alikaa Havana bega kwa bega na Raúl Castro wakitazama timu ya taifa ya Kuba ikifungwa 4-1 na Tampa Bay Rays. Nchi hizo mbili zilikuwa zimenuniana zaidi ya nusu karne, na kitu kimoja ambacho hazikuacha kukipenda kwa pamoja ni besiboli.

Baada ya Obama mnyororo ulikatika. Donald Trump hakurusha mpira wa kwanza hata mara moja katika muhula wake wa 2017 hadi 2021. Alikwenda kutazama mechi ya tano ya World Series ya 2019, Nationals wakiwa njiani kuchukua ubingwa wao wa kwanza, na uwanja wa Washington ukamzomea. Joe Biden naye alialikwa na Nationals mwaka 2021, lakini akamaliza miaka yake minne bila kufungua msimu hata mmoja. Wa chama hiki na wa chama kile, wote wawili walikosekana.

Sababu zinazotolewa ni ulinzi, ratiba, na siku hizi simu mikononi mwa watu, ambapo kosa la sekunde mbili huzunguka dunia kabla rais hajarudi kwenye gari. Sioni hata moja iliyo nzito kuliko polio ya Roosevelt au fulana ya risasi ya Bush. Desturi hii haihitaji sheria wala fedha ili irudi. Inahitaji rais mmoja aliye tayari kusikia, kwa dakika tatu, wananchi wake wanavyomwona. Truman alizomewa Washington Aprili 1951. Aprili 1952 alirudi kwenye uwanja uleule, akarusha tena.